Sikuwa Duluth, Baba

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako cha jikoni, hapa Saint Paul, kile kibovu ulichokataa kisitupwe. Mama ameniambia jambo, na siwezi kulimeza peke yangu.

Unaikumbuka ahadi. Tulipovuka Ziwa Tanganyika tukikimbia vita, mashua ilijaa maji, na mdogo wangu Furaha akatutoka mikononi. Kambini ukanishika mabega, ukaniapisha nisipande tena chombo cha maji wewe ukiwa hai. Nilikuwa na miaka minane, nikaapa. Miaka ikapita, tukahamishiwa huku ugenini, nikaingia chuo kikuu Minneapolis, nikapata kazi ya majira ya joto: kwenda na meli ya watafiti hadi bahari ya Aktiki, wiki tano, kuhesabu ndege na chakula chao. Nikakuambia naenda mji wa Duluth, kwenye maabara, kuchungulia hadubini ndani ya nyumba. Uliuliza kama huko kuna ziwa. Nikasema lipo, ila liko mbali na kiti changu. Ukacheka, ukaridhika, na mimi nikajiona mjanja.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana hukupata kuisikia. Ndege wa kule ni wadogo, weusi mgongoni na weupe tumboni, na wanakula wadudu wa baharini wenye mafuta mengi, wadogo kuliko punje ya mchele. Tulishusha wavu mwembamba mahali palipopangwa kwenye ramani, ukapanda na maji matupu. Nikaandika: hakuna kitu. Kumbe wadudu hao hawakuenea baharini sawasawa. Wanajikusanya mabaka mabaka, na kati ya baka na baka ni maji tu. Ndege walitupita wote wakielekea upande mmoja. Tukawafuata, tukawakuta wakipiga mbizi, na safari hiyo wavu ukapanda umejaa kitu kama uji wa rangi ya chungwa. Wakaruka kurudi nchi kavu, makoo yamevimba kwa chakula cha makinda. Mkuu wetu akanieleza kwamba siku za mwisho mama huondoka, na baba ndiye anayebaki akimlisha kinda. Nikakukumbuka, nikaona aibu, nikaendelea kuandika.

Kwenye meli simu haikushika mtandao. Tuliporudi bandarini sauti zako zikaingia kwa mpigo, moja kwa kila siku. Ulikuwa ukitazama hali ya hewa kwenye televisheni ya hospitali uliyokuwa ukisafisha, kisha unanirekodia. “Mwana, leo Duluth kuko baridi mingi. Vaa kofia.” Nilisikiliza mbili tatu za mwanzo na ile ya mwisho, nikacheka. Nyumbani ukaniuliza kama Duluth walinilisha vizuri. Nikasema ndiyo. Ukanitazama kitambo, ukasema nimekonda, ukaniongezea bugali. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale, Baba. Nikala.

Majira ya baridi yaliyofuata moyo wako ukasimama, tukakuzika kwenye theluji.

Wiki iliyopita Mama alikuwa akisugua sufuria kubwa, akaacha ghafla, akaniambia. Kwamba Jumamosi ya tatu tangu niondoke ulimwomba rafiki yako wa kanisani akupeleke Duluth, sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, umeipakata, sufuria imefungwa kwa kitenge. Kwamba pale maabara walitafuta jina langu, hawakuliona. Sufuria ikarudi imejaa. Mama alipouliza, ulimjibu hivi: “Yuko kwa maji. Kitu ingine hawezi kunificha. Usimwambie nimejua. Ataogopa kurudi nyumbani.”

Kwanza nilikukasirikia. Kwa nini hukunigombeza? Kelele zako ningezistahimili. Ukimya huu siuwezi. Kila nikikumbuka ile safari ya kurudi, wewe na sombe iliyopoa mapajani, nakosa pa kuuweka uso wangu.

Halafu nikachukua simu, nikazisikiliza sauti zako zote kwa kufuatana. Mpaka Jumamosi ile, kila moja inataja Duluth. Kuanzia Jumapili, hakuna hata moja. Unasema tu “kule uko”. Hukuwa tena na hali ya hewa ya kunitazamia, na bado ulirekodi kila siku. Na ile ya mwisho, niliyoicheka bandarini nikidhani unaniogopea ngazi za maabara, inasema hivi: “Kule uko, mwana, ukisimama, shika kitu. Mikono mbili.”

Nilikudanganya, Baba. Nilivunja kiapo nilichokula mbele yako, nikakuacha uniombee mahali ambapo sikuwapo. Nisamehe.

Siku mawimbi yalipotupiga nilishika chuma cha meli, mikono yote miwili, kabla hata sijakusikia. Sikuachia.

Pumzika sasa. Nimerudi.

Binti yako aliyebaki