Mpishi Aliyetajwa Kwenye Barua ya Wizara

Jumatatu, 3 Machi 2025
Meli ya mizigo yenye bendera yetu imekamatwa ng'ambo. Waliokamata wanadai iliingia maji yao bila kibali. Wizara ya Mambo ya Nje imewapelekea barua kali ya malalamiko. Mtanzania melini ni mmoja, mpishi — Leonce Martini wa Karatu. Mhariri wangu kapiga simu: huyo ni wa kwenu, mzee, niletee familia, niletee machozi. Machozi!

Jumanne, 4 Machi
Rhotia. Leonce Martini nimemkuta shambani kwake, anapanda mahindi.

Nimemwonyesha jina lake kwenye barua ya wizara. Akakaa chini, udongoni. Aliyeko melini ni Saruni wa Nainokanoka, walisoma pamoja. Saruni alifeli kidato cha nne, Leonce akamwazima cheti chake. Saruni akakipeleka lodge ya watalii, akapata kazi jikoni. Kisha akakatia pasipoti kwa jina hilohilo, akaenda melini. Miaka tisa sasa.

"Kilikaa tu sandukuni, kaka. Mimi na jembe — cheti cha nini?"

Huku hakuna anayeuita wizi. Wanaita kusaidiana.

Alhamisi, 6 Machi
Nainokanoka, juu Ngorongoro. Bodaboda, halafu miguu. Mama yake Saruni alishasikia habari redioni. "Wakasema Leonce. Nikasema, maskini mama yake." Nikamweleza. Akauliza: "Ukiandika ni Saruni, atarudi?"

Nikafunga daftari.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempigia ofisa wa wizara, nikauliza kama mfano tu: je, mpishi akiwa si Leonce? Akasema barua inamdai Leonce Martini, raia mwenye pasipoti halali. Ikijulikana si yake, hatuna wa kudai — wale watamfunga kwa kughushi, miaka, na sisi tutakaa kimya.

Mnadani wamemwona Leonce. "We bwana, umeogelea mpaka Karatu?" "Wamekuachia lini? Tupikie pilau!" Amecheka nao.

Mhariri: habari iko wapi? Nimesema familia haijapatikana. Uongo wangu wa kwanza kwake, miaka ishirini na minane.

Jumamosi, 8 Machi
Televisheni wamefika Rhotia kutoka Arusha. Leonce kanipigia, ananong'ona, yuko nyuma ya zizi. Wako sebuleni na baba yake, katekista, ambaye hajaambiwa kitu. Wamempa pole ya mwanawe. Mzee anawashangaa.

"Nitoke, kaka?"

Nimemwambia alale chini, asijibu mtu. Mimi — niliyezoea kuwaambia watu watoke waseme!

Naandika, simu iko wazi mezani. Mbwa wanabweka. Namsikia mzee, sauti ya kanisani kabisa:

"Leonce! We Leonce! Njoo, una wageni!"