Betri ya Lori kwenye Mtumbwi Wako

Baba,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu wewe ndiye uliyepaswa kuwa wa kwanza kulijua. Nimeolewa na Kibet, yule yule uliyemwita "fundi wako wa mlimani," na nina furaha hadi naona aibu. Asubuhi ananipikia chai kabla sijaamka. Akifunga duka lake la betri za sola hapa Eldoret anarudi akiimba, namsikia kutoka kwa geti, na moyo unanienda mbio kama msichana wa shule. Kisha nakukumbuka, na furaha yote inakuwa chungu mdomoni.

Unakumbuka ile mota ya umeme niliyokununulia? Mabega yalikuwa yanakuuma, nikataka uache kupiga kasia. Ilibaki betri. Kibet angeichagua hata gizani, lakini ulikuwa umeshasema: "Nyara, binti yangu, mkwe hagusi mtumbwi wangu kabla wazee hawajaketi kuzungumza mahari." Kwa hivyo sikumuuliza. Nilienda peke yangu mjini Turbo, kwa muuza vipuri vya malori. Akaifunga betri kwenye lori lililojaa mahindi, akawasha, likanguruma mara moja.

"Madam, hii inaamsha lori. Itashindwa na kamtumbwi?"

Tukacheka. Nilikupigia simu nikijisifu, ukasema hiyo ina nguvu za ng'ombe wawili. Nami nikakuambia, "Baba, hayo makasia mpe Mama aanikie nguo."

Ni mimi nilisema hivyo. Na wewe, ambaye hukuwa unamsikiliza mtu, siku hiyo ukanisikiliza.

Upepo ulipokukuta katikati ya ziwa, mota nayo ikazima, hukuwa na chochote mkononi. Walipokuleta nyumbani, nguo za Mama zilikuwa juu ya makasia yako, zimekauka kabisa. Watu wakasema ni upepo. Mchungaji akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikaitikia amina.

Mwezi uliopita nilimpelekea Kibet chakula dukani. Akaingia mzee mmoja na betri ya lori, anataka iwashe taa za nyumba. Kibet akamwambia, "Mzee, hii ni ya kuamsha injini tu. Inatoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, halafu injini inaijaza tena. Ukiinyonya polepole hadi iishe, kila siku, inakufa ndani kwa ndani. Utaiona nzima hadi siku itakapokuacha."

Sahani ilinidondoka. Kibet, maskini, akadhani nina mimba! Akampigia mama yake. Akaninunulia maembe. Nikayala nikilia, naye akazidi kufurahi.

Nina hasira, Baba. Na yule muuzaji na kicheko chake. Na wewe, na wazee wako ambao hawakuwa wameketi. Waliketi baadaye, kwenye matanga yako, wakala ng'ombe aliyeletwa na Kibet, na hakuna aliyemuuliza anajua kazi gani. Lakini mimi nilijua. Nilikuwa na fundi wa betri, nikanunua betri bila yeye.

Labda ningenyamaza hadi nizeeke. Lakini jana Otieno wako, mdogo wangu, alinipigia. Jumamosi anaingia ziwani na mtumbwi wako, na betri ni ile ile. "Dada, taa ya chaja imekuwa kijani, iko sawa!" Kijani, Baba.

Basi nimemwambia Kibet kila kitu. Alizima redio, akakaa. "Mbona hukuniuliza?" Ili nisikuaibishe, nikasema nilikuwa mjinga. Hakunifariji. Alichukua karatasi akamwandikia Otieno: betri ya kutoa nguvu polepole, isishuke chini ya nusu, ichajiwe siku ile ile ikirudi, kwa chaja yake, iongezwe maji yaliyosafishwa, si ya ziwa, ifungwe chini katikati, isicheze. Mwisho akaandika "makasia" akapiga mistari miwili chini yake. Nampenda mtu huyu, Baba. Ungempenda.

Ijumaa tunakuja na betri nyingine. Nitamweleza Otieno ukweli, na Mama pia, akiniangalia usoni. Nguo nitazianua mwenyewe, na makasia nitayaweka ndani ya mtumbwi kwa mikono yangu. Hakuna mtu wetu atakayeingia majini tena bila hayo nikiwa hai. Nakuahidi.

Pumzika sasa. Mkwe wako atagusa mtumbwi wako, Baba. Usimkasirikie.

Ni mimi, Nyara.