Mashine Iliyosingiziwa

Saint Paul, Minnesota
Machi 9

Kaka yangu mpendwa Reino,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Lorna. Goti linaendeleaje? Natumaini umeacha kulikanyagia kwenye barafu ya ziwa. Sisi huku tu wazima, ila theluji imekataa kutuaga.

Kazi yangu unaijua, ingawa hupenda kunitania kwamba nalipwa kuhesabu misiba ya watu. Kampuni ikitangaza kwamba akili bandia imechukua kazi za watu, sisi huuliza: ni kweli? Tunawapigia simu waliofukuzwa na wasimamizi wao, mpaka tujue kazi ile sasa inafanywa na nani. Mwezi huu ilifika zamu ya kampuni yenu ya bima, iliyowaachisha kazi ikisema mashine imewarithi. Kwa kuwa wewe ni damu yangu, nilimwachia mwenzangu Pa Houa aichunguze.

Alimpata Delphine, yule mliyeketi naye kwenye kitengo cha madai ya ajali. Delphine alicheka mpaka akakohoa. “Mashine gani, mama? Gari limegonga kulungu, yenyewe ikaandika kulungu alipwe!” Alisema waliijaribu vuli, wakaizima kabla theluji haijaanguka. Madai yenu sasa yanashughulikiwa na vibarua wa jimbo jingine, kwa nusu ya mshahara. Pa Houa aliwatafuta akazungumza nao. Ni watu, Reino. Mmoja alikuwa akibembeleza mtoto huku akimjibu.

Najua litakuuma. Wakati wa Krismasi ulituambia huna kinyongo na mtu, kwani nani ailaumu mvua kwa kunyesha? Hukuomba kazi kwingine, ukisema ufundi wako umekufa. Na sasa wabunge wa jimbo wamekualika Jumanne ueleze jinsi mashine ilivyokuondoa. Mkubwa wangu alitaka tusubiri kwanza uzungumze, maana kuyakanusha maneno yako baadaye kungeipa ripoti yetu sifa. Nilikataa. Ripoti inatoka Jumatatu, na nyinyi hamtahesabiwa miongoni mwa walioondolewa na akili bandia.

Lililo zito nimelichelewesha makusudi. Aliyewachagua wale vibarua ni Gordie. Msimamizi wenu, Gordie wako wa kuvua samaki, aliyekushika bega akalia, akikwambia mikono yake imefungwa, mashine imeshafika. Nilimpigia mwenyewe, nikitarajia akane. Badala yake akasema, “Ningemwambiaje Reino kwamba nimepata wa bei rahisi? Nikisema mashine, angalau naweza kumtazama usoni.” Akaniomba nikueleze kwa niaba yake. Nikamjibu, “Barua nitaandika. Mlangoni utabisha mwenyewe.”

Nami nikiri: nilitamani sana iwe mashine. Nilipokata simu ile nililia, kwa sababu mashine isingekuwa imekula mezani kwetu.

Gordie atakuja Jumamosi asubuhi. Umfungulie au umwache kwenye baridi, hilo ni lako, wala sitakuuliza. Ila Jumanne nenda, kaka. Waambie yaliyotokea, hata sauti ikikwama. Ufundi wako haujafa. Kuna mtu anaufanya hivi sasa, na yeye pia anapunjwa.

Nisalimie Lorna, umwambie supu yake ya mchele-mwitu hakuna wa kuiiga huku. Jitunze.

Ni mimi dadako akupendaye,
Aili