Gia Boksi Isiyo na Kijiti

Jumatatu, 3 Machi 2014. Kibondo.

Breki za lori la mahindi, asubuhi nzima. Matope mpaka masikioni. Mchana Nestori kaleta gari jipya la tajiri wake, Mzee Sudi, mwenye duka la vitambaa Kasulu. Nestori ndiye dereva wake, na rafiki yangu wa miaka. Gari ni otomatiki, na gia boksi yake haina kijiti cha kupimia oili. Nestori kanitazama kama vile nimeshindwa. Nani, mimi? Nikazima injini, nikaingia chini, nikafungua nati ya kupimia kama ninavyofanya kwenye malori. Ikamwagika karibu lita moja na nusu. Aliyeijaza kabla yangu alikuwa mlevi. Nikangoja mpaka ikaacha kudondoka, nikafunga. Safi. Najipongeza.

Jumatano, 5 Machi

Nestori kapiga simu akiwa njiani. Mlimani injini inanguruma, gari haliendi. Nimemjibu vibaya: otomatiki si lori, punguza mguu. Kakata simu. Ana tabia hiyo. Inanikera.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee Sudi kapiga mwenyewe. Salamu ndefu, halafu swali fupi. Fundi wa Kasulu kakuta oili ya gia imepungua sana, na chini ya gari hakuna hata tone linalovuja. "Fundi, wewe uliiacha imejaa?" Nimesema imejaa, Mzee. Basi, kasema, dereva kaiuza. Kamnyang'anya funguo. Jumatatu anamwita askari.

Nestori mwizi? Haiwezekani. Wazazi wake walikuja huku wakikimbia vita Burundi, uraia wenyewe wameupata juzi juzi. Mtu kama huyo akishikwa, watu hawangoji kesi. Wanasema tu, si unaona.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia Bosko, tuliyesoma naye ufundi, sasa yuko Kigoma mjini. Nikajifanya nauliza tu. Kaniuliza: injini ilikuwa inawaka? Nikasema ndiyo. Mwongo mkubwa mimi. Kanieleza mpaka nikaona aibu peke yangu. Gari likae tambarare kabisa. Injini iwake, gia zipitishwe zote, oili iwe vuguvugu, ndipo ufungue nati. Ikidondoka kidogo kidogo, imetosha. Ukizima injini oili inarudi yote chini, na ukifungua hapo unamwaga ambayo gari linaihitaji.

Sitaki kuamini.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Mwalimu jirani yangu ana otomatiki ya aina ileile, nikamwomba niiangalie. Uani kwangu hakuna tambarare, Kibondo yote miteremko. Nikaazima mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule wa kupimia usawa, ncha moja tairi la mbele, ncha nyingine la nyuma, nikawa natia mbao chini ya matairi mpaka maji yakalingana. Injini ikiwaka: matone. Nikafunga, nikazima, nikangoja, nikafungua tena. Ikatoka kama bomba! Nikaziba kwa kidole huku natafuta nati kwenye matope.

Ni mimi. Niliimwaga mwenyewe kwa mkono huu. Nimechemka, na mwenzangu ndiye anayeungua.

Mke wangu anasema nipige simu. Simu! Mzee atasema namkingia rafiki. Na nikienda mwenyewe, Kibondo na Kasulu nzima watajua fundi wao hajui kitu. Nani ataniletea gari tena? Naogopa. Naandika hivyohivyo, naogopa.

Jumatatu, 10 Machi. Kasulu.

Basi la kwanza. Utelezi, tumeshuka kusukuma mara mbili, kila mara moyo unasema rudi. Dukani nimefika saa tano. Nestori kwenye benchi nje, shati limepigwa pasi, anamngoja askari. "Mwakeye," nikamsalimu kwa Kirundi. Akageukia barabarani. Ndani wateja wamejaa. Nilitaka kumwita Mzee pembeni. Nikaona nikimwita pembeni, hawa wote watarudi makwao wakisema Nestori mwizi. Nikasema palepale, kwa sauti. Oili niliimwaga mimi. Sikujua kupima.

Mzee kaweka chini mita yake ya kupimia vitambaa. Kasema, "Ijumaa nilikuuliza." Basi. Katoka nje, kamwomba Nestori radhi mbele za watu, kampa funguo. Mzee wa watu, nimemheshimu.

Mchana tumejaza na kupima upya. Nestori kaingia chini mwenyewe. Hakutaka mkono wangu uguse ile nati. Nikamwelekeza nikiwa nimesimama, naye akafuata kila neno. Gari limepanda mlima wa kwenda Kabanga bila kunguruma.

Jumatano, 19 Machi. Kibondo.

Wateja wamepungua. Leo baiskeli mbili na toroli. Mvua asubuhi, kisha jua kali. Saa nane Nestori kapita na mizigo ya Mzee. Kaniona. Hakupiga honi. Nikasimama na spana mkononi mpaka alipokata kona.

Kazi yake anayo. Nikarudi kufunga mnyororo.