Telegramu Iliyosema Baba

Dada yangu Kerubo,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe na wote walio hapo Kiogoro kwa wazazi. Mimi mwili u mzima, baridi tu ya huku ughaibuni ndiyo inayonitafuna vidole. Mama anakula sasa? Ule mkono wa kulia umeanza kusogea? Na Tata je, kifua kinampa nafasi ya kulala?

Utaona nimeandika "mama". Tangu shule tunaandikiana kwa Kiswahili, lakini wazazi tuliwaacha na majina ya nyumbani: mama ni Baba, na mzee ni Tata, kama Wagusii wote tusemavyo. Leo hilo la mama linanishinda kuandika, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Yako nimeipata. Sasa ndiyo nimejua alivyoanguka sokoni Daraja Mbili, kando ya mikungu yake ya ndizi, na wewe ukakimbia posta na viatu vikiwa mkononi. Karani akakwambia maneno ni mengi mno, ukayapunguza mpaka yakabaki BABA MGONJWA SANA NJOO. Mimi nikajibu MPENI TATA DAWA YA KIFUA NITAANDIKA. Unasema mlitazamana nyumba nzima, mpaka mama mwenyewe akavuta maneno kwa ule mdomo uliopinda: "Mwacheni. Huko aliko, baba ni mwanaume." Mkacheka, Tata akacheka mpaka akakohoa. Uliandika hayo ili unifurahishe, najua. Mimi hapo ndipo nilipoiweka barua chini.

Hebu nikueleze hiyo kazi iliyonizuia kuja. Tunaandika maagizo ya kompyuta kwa ajili ya treni za mizigo. Lugha yenyewe si ngumu: unaipa mashine mistari mifupi, inasoma mmoja, inautenda, inasoma unaofuata. Ikikuta "ikiwa", njia inagawanyika. Ikiwa behewa lina makaa, lipeleke huku. Ikiwa lina wanyama, lipeleke kule. Wiki ile nilikuwa nafuatilia programu yangu mwenyewe. Unaiamuru mashine ichape namba ya kila mstari inaoupitia, kisha unakaa na kalamu nyekundu unatia alama. Mistari inayobaki myeupe ni ile ambayo haijapitiwa hata mara moja. Mkuu wetu, mama mmoja wa Kiskoti mwenye sauti kama mwalimu wa zamu, ukimwambia programu inafanya kazi hasikii. Anauliza tu, "Imepita wapi? Na wapi haijapita?"

Yangu haikuwa imepita kwa wanyama. Tukailazimisha ipite, na ndama wote wakatumwa kwenye uwanja wa makaa! Walikuwa ndama wa karatasini, hakuna aliyeumia, lakini ofisi nzima iliniuliza kama kwetu ng'ombe hulishwa makaa. Nilicheka nao. Telegramu yako ilikuwa mfukoni mwangu wakati huo.

Sasa barua yako ilipofika, na hayo maneno ya mama, nikajikuta nafuatilia siku ile jinsi ninavyofuatilia programu, mstari kwa mstari, bila kuruka. Mwenye nyumba alinipa telegramu mlangoni. Nikaifungua. Nikasoma BABA. Dada, mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa yeye. Niliona kitambaa chake cha kichwa na vile vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Nikasimama pale. Kisha nikamkumbuka mkuu na kazi aliyotaka iishe Ijumaa, na kijana mmoja wa meza ya pili anayekitamani kiti changu. Hapo ndipo "ikiwa" yangu ilipokuja. Nikajiambia telegramu ni ya Kiswahili, kwa hiyo baba ni mzee, na mzee kila mvua zikianza anaugua kifua na kila mara anapona. Nikapita njia hiyo. Ile nyingine sikurudi hata kuichungulia. Ningeweza kukuuliza kwa telegramu, Baba yupi? Sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Ndiyo maana kicheko chenu kinanichoma. Mama amenisamehe kusahau lugha yetu, na mimi sijaisahau. Akiwa amelala hapo, nusu ya mwili haimsikii, alinitafutia udhuru mbele ya watu, nami karibu niuchukue ninyamaze. Naona haya, Kerubo. Wewe umeacha nyumba yako Sironga ili umgeuze kitandani asubuhi na jioni, na mimi nilikuwa huku nageuza ndama wa karatasi.

Nimeomba ruhusa. Mkuu aliniuliza kuna nini nikamweleza yote, mpaka hilo la telegramu mfukoni. Nilitaka anikaripie. Alisema tu, "Nenda nyumbani," akageukia dirisha. Nitaondoka wiki ijayo. Barua nimeitanguliza makusudi, kwa kuwa najiogopa: nikifika, mama akanipa ule mkono wake mzima na kunitania tena kwamba huku baba ni mwanaume, nitacheka naye na hatajua kamwe.

Nisalimie shemeji, mwambie najua anapika mwenyewe na sijasahau. Msalimie mama mdogo anayekushikia zamu ya kumwosha mgonjwa, na yule mzee Mhindi wa duka la vitambaa mjini anayetutunzia barua kwenye sanduku lake. Tata mwambie dawa ile aendelee nayo, na anisamehe kwa kuwa nilijificha nyuma ya kifua chake.

Na barua hii msomee mama. Igeuze iwe Ekegusii, yote. Nakujua wewe, ukifika pabaya unakohoa kidogo halafu unaruka ili mtu asiumie. Safari hii usiruke mstari, hasa ule wa mlangoni. Akikasirika, mwache akasirike, nitamkuta hivyo hivyo. Ukifika kwenye jina lake hutakuwa na la kugeuza, lisome tu kama nilivyoliandika hapa: nilijua ni wewe, Baba.

Ni mimi mdogo wako,
Ombati