Atupele Amefanya Mtihani wa Darasa la Nane

Keko, Dar es Salaam

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Natumaini mvua za Tukuyu hazijawasumbua sana, na ule mguu wa baba uliokuwa ukimuuma sasa unakanyaga vizuri. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Tumaini ameacha ziwa, na kutwa anafukuza kuku wa mwenye nyumba.

Mama, leo nakuandikia habari za mwanao. Unajua shule ya huko kwenu iliishia darasa la sita, na Atupele akaishia hapo. Mwaka jana alisikia kwa mwalimu mmoja wa Chang'ombe kwamba hata mtu asiyekuwa shuleni anaweza kufanya mtihani wa darasa la nane, mradi mwalimu mkuu akubali kupeleka jina lake. Akaniambia, "Baba Tumaini, mie nitaufanya."

Nikamwuliza, "Darasa la saba na la nane umesoma lini?"

"Nitayasoma hapa hapa."

Basi mwalimu mkuu wa Chang'ombe akakubali kupeleka jina lake, naye akaazima vitabu kwa yule mwalimu. Hesabu za eneo alizielewa kwa kuwatazama maseremala jirani zetu wakipima mbao za meza. Jiografia aliisoma kwa sauti huku anakoroga uji. Nikirudi kutoka karakana nakuta mlango wa chumba umejaa hesabu alizoandika kwa chaki.

Kilichomkwamisha ni Kiingereza. Siku moja alinisomea sentensi, nikamsikia anasema "kinife". Nikamwuliza ndiyo nini, akanionyesha kitabuni: kisu. Nikamwambia Wazungu husema "naifu". Alifunga kitabu.

"Kumbe maneno yote nayajua kwa macho tu," akasema. "Wakisoma imla nitaandika nini?"

Mimi sikuwa na la kumsaidia. Kiingereza changu ni cha karakana, hakifiki mbali.

Jumapili iliyofuata alimfunga mtoto mgongoni, akaenda mjini kwenye ibada ya Wazungu, asikie Kiingereza kinavyotamkwa. Nilimsindikiza, nikaishia mlangoni kwa woga. Yeye akakaa benchi la nyuma na kitabu cha sala mkononi. Mhudumu wa kanisa, mzee wa Kiafrika, akamjia. "Wewe yaya, unamngoja memsahibu gani?"

"Shikamoo, mzee. Simngoji mtu. Nimekuja kusali."

Mzee alimtazama, kisha akamfunulia ukurasa. Tangu hapo kila Jumapili alifuata kwa kidole maneno ya padri, hata sala ya kumwombea Malkia akaijua kwa moyo. Njiani tukirudi ananisahihisha mimi!

Siku ya mtihani alikaa kati ya wavulana waliomcheka na kumwita bibi. Aliniambia kwamba imla ilipoanza, sentensi ya kwanza ilimpotea yote. Akafumba macho, akasikiliza kama anavyomsikiliza padri, na maneno yakaanza kuja. Msomaji aliporudia, akajaza palipobaki wazi.

Mama, amefaulu. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe hadi Keko kutuambia. Atupele alipiga kigelegele, mimi nikakaa chini. Nimeishi na mtu huyu nikidhani namjua.

Sasa nina ombi. Amepata nafasi katika chuo cha ualimu huko huko Tukuyu, miaka miwili. Mwezi ujao atakuja kwa basi na Tumaini. Mimi kazi hainiruhusu. Nakuomba umlee mtoto wakati mama yake yuko chuoni. Watu wakimwona anashuka na sanduku bila mume, watasema nimemrudisha. Waambie mumewe ndiye aliyelibeba sanduku hilo mpaka kwenye basi, na ndiye anayemngoja.

Nisalimie baba, na shemeji yangu mdogo, na shangazi yake Atupele anayeuza ndizi sokoni. Mwinjilisti anayekusomea barua hii naye namsalimu sana. Namwomba arudie kukusomea pale niliposema amefaulu.

Mimi mkweo akupendaye,
Lwitiko