Karani Uliyemtaja Ni Mimi, Baba

Baba yangu,

Jumanne iliyopita nilienda kukutafuta kwenye maktaba ya chuo mjini, mahali Muema alipopeleka karatasi zako tulipoifunga nyumba ya Buruburu baada ya kukuzika. Hakuniuliza. Alinipigia simu baadaye akasema, "Sister, nimezipeleka mahali salama. Watazitunza kuliko sisi." Unamjua mwanao huyo, akishaamua, wewe unapewa habari tu. Nilinyamaza mwaka mzima. Halafu mwalimu mwenzangu hapa Kware akaniambia binti yake anasoma hadithi zako chuoni, na kwamba siku hizi mtu yeyote anaweza kuomba kuona miswada yako. Nikasema, basi na mimi nikaombe kama mtu yeyote.

Kalamu yangu iliachwa mlangoni pamoja na mkoba, nikapewa penseli. Msichana aliyenihudumia anaitwa Wanjiku, mtoto mwenye adabu. Alinifungulia orodha kwenye kompyuta. Nilipofika sanduku la nne nilisoma mara mbili: "Mswada wa hadithi ya mwisho. Mwandiko wa karani asiyejulikana."

Karani asiyejulikana! Baba, kwani hukumbuki?

Presha ya macho ilikuwa imekumaliza. Dirisha ulilitambua kwa mwanga tu, na mimi ulinitambua kwa hatua. Nilikuwa nimepata nafasi ya chuo cha ualimu, barua iko kwenye kabati, ukaniambia, "Nisubirie mwaka mmoja, Mutheu. Hii moja tu nimalize." Mama alikuwa ameshatuacha, Muema yuko shule ya bweni. Nikabaki. Kila asubuhi baada ya chai nilipangusa meza, nikafungua daftari, nawe ukaanza kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye kabati, mkono ukipapasa migongo ya viti. Ulinitajia mpaka alama. "Nukta. Aya mpya. Haya, soma." Nikisoma, unakunja uso: "Futa hiyo, inanuka ofisi." Miaka yote uliyofanya kazi serikalini ilikuachia woga wa lugha ya mafaili.

Mwaka mmoja ukawa mitatu. Wenzangu wakaanza kufundisha, mimi bado naandika nukta zako.

Na ile siku ya Mama Ndinda, yule wa hadithi yako? Ulikuwa umemleta Majengo, mjane wa mchonga vinyago, na sasa ulitaka arudi Ukambani hadithi iishe.

"Baba, huyu harudi," nilikuambia.

"Kwani hana kwao?"

"Ana kibanda sokoni Gikomba, ana majirani, ana kanisa. Anarudi kufanya nini?"

Ulisimama umeshika kiti. Kisha ukasema, "Basi andika unavyoona wewe. Mimi siku hizi sioni."

Nikaandika kurasa mbili. Nilipokusomea, uliuliza tu kama nimeweka nukta mwishoni. Kitabu kilitoka na kurasa hizo vile vile. Ndizo watu wanazozisifu hadi leo, Baba. Ndizo binti wa mwenzangu alizoambiwa azichambue kwenye mtihani.

Kwa hiyo nilimwambia Wanjiku, kwa sauti iliyowafanya wasomaji wengine wageuke, "Huyu karani ni mimi. Ni binti yake. Nani amewaambia mimi ni karani?"

"Pole, mama," akasema polepole. "Si sisi tuliosema. Ni yeye mwenyewe aliandika."

Akaniletea faili la barua zako kwa wachapishaji. Nilitaka kumwambia haiwezekani, kwa sababu barua zako zote za miaka ile niliziandika mimi. Hii moja sikuwahi kuiona. Uliiandika kwa mkono wako, bila shaka nikiwa nimeenda sokoni. Mistari inapandana, mmoja juu ya mwingine, neno la mwisho limetoka nje ya karatasi. Na hayo ndiyo uliyowaandikia: macho yako ni mazima, ila kazi imekuwa nyingi, kwa hivyo umechukua karani wa kukusaidia kunakili.

Najua uliogopa. Ulidhani wakijua huoni watakuacha. Lakini ungeweza kusema binti yangu. Binti wa mtu anaweza kunakili bila baba yake kuwa kipofu.

Nilimpigia Muema nikiwa pale nje kwenye ngazi, nikamwambia aje aseme anachokijua. Likizo zote alitukuta mezani. Akajibu, "Sister, si ni ile ile? Jina ni la familia." Nikakata simu.

Niliporudi ndani, Wanjiku alinipa karatasi, nikaandika sentensi tatu kutoka kwenye mswada. Akaziweka kando ya daftari, akatazama, akatabasamu. "Hii *k* yako, mama, haijabadilika." Alirekebisha orodha nikiwa nimekaa pale. Sasa inasema: "Mwandiko wa binti yake, kwa maelezo ya binti mwenyewe." Kwa maelezo yangu! Nikamweleza pia habari za zile kurasa mbili. Akaacha kuandika. "Hizo siwezi, mama. Hapo ni neno lako peke yake, na mwenyewe hayuko."

Hupo, Baba. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ningekuja kugombana nawe hapo mezani, ungesimama weee umeshika kiti, halafu ungekubali.

Kabla sijaondoka, Wanjiku aliniambia familia ina haki ya kuomba barua kama ile ifungwe, isisomwe na watu. Nikamuuliza, "Ifungwe kabisa?" Akasema ndiyo, ni kutia sahihi tu. Alinisogezea fomu. Penseli nilikuwa nayo mkononi, na hasira nilikuwa nayo ya kutosha.

Nilimrudishia fomu yake. Nilisema barua ibaki wazi, iwekwe juu kabisa kwenye sanduku la nne. Nataka kila atakayekuja aione mistari ile ikipandana, ajue kwamba ulikuwa huoni, kisha ajiulize ni nani aliyekuwa akiona.

Pumzika, Baba. Mimi bado nimekasirika.

Binti yako,
Mutheu